Tumbo Si Neno Moja: Lugha ya Maumivu na Wajibu wa Mwanakiswahili

Neno 'tumbo' ni miongoni mwa maneno yaliyotwishwa mzigo mzito katika lugha ya Kiswahili. Ni kiungo kinachopokea chakula, na papo hapo ni sehemu yote ya mwili iliyo baina ya kifua na kinena. Ni mji wa mimba, na ni mimba yenyewe. Ndugu wa damu ni wa tumbo moja. Mlafi ni mtumwa wa tumbo lake. Mwenye kuhara husemwa kuwa anaumwa na tumbo, na mwenye uchungu wa kuzaa vilevile. Wanaisimu hulifurahia neno la aina hii kwa kuwa ni mfano mwafaka wa polisemia, na mhadhiri wa semantiki aliyeishiwa na maswali ya mtihani hupata moja jepesi kutokana nalo. Nje ya ukumbi wa mihadhara, hata hivyo, wingi huo wa maana si jambo la kufurahisha. Mtu anapofika zahanati usiku wa manane akiwa amejikunja, naye hana ila neno hilo moja la kujieleza, polisemia hugeuka kuwa suala la uhai na mauti.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya maumivu ya tumbo ni uwanja wa mwanakiswahili sawa na ulivyo uwanja wa tabibu, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wameuacha ukawa mahame. Imezoeleka kudhani kuwa pengo lililopo ni la istilahi, na kwamba likitolewa kabrasha jingine la istilahi mambo yatanyooka. Istilahi zipo. Kongosho, wengu, nyongo, kidole tumbo, utumbo mwembamba na utumbo mpana ni maneno yanayofahamika, na Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa tangu mwaka 1990. Kinachokosekana ni uchunguzi wa jinsi mgonjwa anavyosema. Hakuna mgonjwa anayeamka usiku akamwambia mkewe kwamba kongosho lake limevimba.

Ni kweli kwamba visa vingi vya maumivu ya ghafla ya tumbo si vya kutisha. Chakula kilichochacha, gesi, kufunga choo, kiungulia, hedhi, kuhara kwa siku mbili tatu: hayo huja yakapita. Tatizo ni kuwa yale machache yanayoua huanza kwa sentensi ile ile ya "tumbo linaniuma". Kidole tumbo kilichovimba, utumbo uliojisokota au kuziba, kidonda cha tumbo kilichotoboka, mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ngiri iliyobanwa. Haya kwa kawaida huhitaji mpasuaji, na baadhi yake hayasubiri mapambazuko. Mengine hayahitaji kisu, wala chanzo chake hakimo tumboni: nimonia ya sehemu ya chini ya pafu, malaria kwa mtoto, selimundu, na hata mshtuko wa moyo kwa mtu mzima, ambao waweza kusikika pale ambapo Waswahili wamepaita tangu jadi 'chembe cha moyo', chini kidogo ya mfupa wa kifua. Bibi akisema moyo unamuuma huku ameweka kiganja juu ya tumbo, mjukuu msomi humcheka na kumsahihisha. Huenda bibi yuko sahihi kwa njia zote mbili.

Umuhimu wa maneno katika jambo hili haukubuniwa na wapenzi wa lugha. Mpasuaji Mwingereza Zachary Cope, wa hospitali ya St Mary's jijini London, alichapisha mwaka 1921 kitabu kuhusu utambuzi wa mapema wa maradhi ya ghafla ya tumbo, kitabu ambacho warithi wake waliendelea kukitoa upya kwa miongo mingi. Mkazo wake mkubwa ni kumsikiliza mgonjwa: maumivu yalianza lini, yalianzia wapi, yakahamia wapi, yana sura gani, na ni kipi kilichoyafuata. Wanafunzi wa fasihi watavutiwa zaidi kujua kuwa mwaka 1947 Cope huyo huyo, akijificha nyuma ya lakabu ya Zeta, alitoa kitabu kizima cha mashairi yenye vina kikieleza magonjwa hayo kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari. Mswahili haoni ajabu hapo. Watunzi wa tendi walijua zamani kwamba elimu ikitiwa vina na mizani haitoki kichwani upesi. La ajabu ni kuwa katika idara za Kiswahili, ambako tungo za kufundishia huchambuliwa muhula baada ya muhula, wazo la kutunga utenzi juu ya kidole tumbo lingechukuliwa kuwa mzaha.

Kidole tumbo chenyewe kinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndicho kinachodhihirisha vyema zaidi kuwa sarufi ni chombo cha tiba. Ni kijiutumbo kifupi kilichozibika upande mmoja, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikivimba, maumivu ya awali husikika kitovuni au juu yake, wala mgonjwa hawezi kuyaonyesha kwa kidole, kwa sababu mishipa ya fahamu ya utumbo hupeleka habari zisizo bayana. Baada ya saa kadhaa, uvimbe unapougusa utando uliotandika ukuta wa tumbo, maumivu huhamia chini upande wa kulia, nayo huwa makali na ya kudumu. Mgonjwa hukosa hamu ya chakula, hutapika, akaona heri alale kimya, kwa kuwa kila kikohozi na kila tuta la barabarani humtonesha. Si wagonjwa wote wanaofuata njia hii, lakini wanaoifuata ni wengi kiasi kwamba masimulizi yake ni ushahidi.

Sasa na atazame mwanasarufi. "Tumbo liliniuma, nikatapika" na "Nilitapika, tumbo likaniuma" ni sentensi zenye maneno yale yale. Kinachozitenganisha ni mahali pa kiambishi -ka-, kile ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuwa huonyesha ufuatano wa matendo. Katika ugonjwa wa kidole tumbo, aghalabu maumivu hutangulia na kutapika hufuata. Katika ugonjwa wa kuhara unaotokana na chakula au maji machafu, mara nyingi kutapika na kuhara hutangulia, au huja pamoja na msokoto. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "lilianza kitovuni, likashuka huku kulia, nikatapika mara moja" ametoa ripoti ambayo mpasuaji yeyote angeilipia. Ripoti hiyo ikifika kwenye faili, ambayo nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, yaweza kusinyaa ikawa maneno mawili tu yenye maana ya 'maumivu ya tumbo'. Viambishi vyote viwili vya -ka- vilivyomo katika masimulizi kama hayo hufia pale mapokezi. Mgonjwa naye hurudishwa nyumbani na vidonge vya minyoo, au hunyweshwa haluli na jamaa zake ili asafishe tumbo, jambo ambalo ni hatari, kwa kuwa kidole tumbo kilichovimba chaweza kupasuka na usaha ukasambaa tumboni mzima.

Utajiri wa vitenzi nao umepuuzwa. Tumbo la Mswahili haliumi tu. Hukata, husokota, hunyonga, hukeketa, huchoma, huwaka moto, huvuta, hujaa, hukaza, huunguruma. Na kwa kurudufu kitenzi, mtu husema "linaumauma", yaani maumivu yapo, ila si ya kumlaza. Vitenzi hivi si mapambo. Kusokota na kunyonga ni maumivu yanayokuja kwa mawimbi, yakakaza kisha yakalegea, na hiyo ndiyo tabia ya mrija uliozibwa unapojitahidi kusukuma kilichomo: utumbo, au mrija wa mkojo ulionaswa na kijiwe cha figo. Mwenye kijiwe hicho hatulii. Hugaagaa, husimama, huinama, na maumivu yake hushuka kutoka ubavuni hadi kinenani. Kuwaka moto chini ya chembe cha moyo ni jambo jingine, na kuchomwa ghafla kama kwa kisu, kisha tumbo zima likawa gumu kama ubao, ni jambo jingine kabisa: hiyo yaweza kuwa dalili ya kidonda kilichotoboka. Neno msokoto, katika baadhi ya wagonjwa, si sitiari hata kidogo. Utumbo mpana waweza kujizungusha wenyewe kama kamba hadi ukajifunga, na hali hiyo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za kuziba kwa utumbo kwa watu wazima katika Afrika Mashariki. Tumbo huvimba likawa kama ngoma, choo na hewa vikakoma kupita. Aliyesema "tumbo limenisokota" amesema kweli tupu bila ya kujua.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, nchini Kanada, alichapisha hojaji ya maumivu iliyojengwa juu ya maneno 78 ya Kiingereza yanayoelezea maumivu, akayapanga katika vikundi 20. Kazi hiyo ilianzia kwenye kukusanya maneno, yaani kazi ya mwanaleksikografia. Kuitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno ni kujisumbua bure, kwa kuwa Kiingereza huelezea maumivu zaidi kwa vivumishi, ilhali Kiswahili huyaelezea kwa vitenzi. Anayetaka kupima maumivu ya Mswahili hana budi kuanza na 'keketa' na 'nyonga', kisha aulize watu wa Lamu, wa Kwale, wa Nakuru na wa Eastlands kama wanamaanisha kitu kimoja.

Upande wa nomino, mambo si mazuri hivyo. Yapo majina ya maradhi ambayo kwa kujulikana kwake mno yamegeuka kuwa mapipa ya kutupia kila kitu. 'Homa ya matumbo' ni mfano. Jina hilo humshawishi msikilizaji kuamini kuwa popote palipo na homa na tumbo, ugonjwa umekwisha kujulikana. Kipimo cha Widal, ambacho kwa miaka mingi kimetumika sana katika maabara ndogo ndogo, hutafuta kingamwili, na kingamwili zaweza kubakia mwilini tokea maambukizi ya zamani au kuchochewa na ugonjwa mwingine. Ndiyo maana uthibitisho wenye kuaminika zaidi ni wa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu. Matokeo yake ni kwamba wengi hutibiwa homa ya matumbo wasiyokuwa nayo. Na aliye nayo kwelikweli, akicheleweshwa, utumbo wake waweza kutoboka, mara nyingi kuelekea wiki ya tatu ya ugonjwa.

'Vidonda vya tumbo' navyo vimepata hatima hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku, kila anayeungulia ana vidonda, na kila mwenye vidonda amevipata kwa mawazo mengi na kushinda na njaa. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kubainisha kuwa chanzo kikubwa ni bakteria, ambao hutibika kwa viuavijasumu. Chanzo kingine kikubwa ni zile dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani kama peremende, zikiwemo aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Ukweli huo haujaingia vya kutosha katika Kiswahili cha mtaani, na hapo hawezi kulaumiwa daktari peke yake.

'Chango' linatatanisha zaidi. Kwa mmoja ni utumbo mwembamba. Kwa mwingine ni maumivu ya hedhi au tatizo la uzazi. Na 'mchango', kwa kutofautiana silabi moja tu, ni mnyoo. Tabibu kijana aliyesomea bara akapelekwa Pwani aweza kuyachanganya yote matatu. Hata hivyo, wazee waliosingizia michango kila maumivu ya tumbo la mtoto hawakuwa wajinga: minyoo mikubwa ikizidi yaweza kusongamana na kuziba utumbo wa mtoto.

Lililo gumu kuliko yote ni tafsida. Wanafunzi hufunzwa kuisifu tafsida kuwa ni adabu ya lugha, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo. Lakini 'tumbo' ndilo tafsida kuu ya Kiswahili kwa kila kilicho chini ya kitovu, na tafsida hiyo ina wahanga wake. Mchukulie mvulana wa shule ya bweni anayebaleghe. Usiku korodani yake moja inajisokota ndani ya mfuko wake, damu haifiki, maumivu yanapanda hadi tumboni, anatapika. Atamwambia nini mwalimu wa zamu? Atasema tumbo. Atapewa kidonge na kuambiwa alale. Korodani iliyojisokota huwa na nafasi nzuri ya kuokolewa ikishughulikiwa ndani ya saa 6 hivi. Baada ya hapo nafasi hiyo hupungua upesi. Gharama ya neno lililositiriwa ni kiungo kizima. Mzee mwenye ngiri ya kinena hana tofauti. Amekaa nayo miaka, akiita 'mshipa', jina ambalo laweza kuwa la mshipa wa damu, wa fahamu, au la uvimbe asioutaja. Siku utumbo ukibanwa humo usirudi, uvimbe ukawa mgumu na wenye maumivu, akaanza kutapika, bado atasema tumbo, na asipovuliwa nguo hakuna atakayeuona.

Msichana ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, aghalabu katika mrija wa uzazi, haina mahali pa kukulia. Mrija hupasuka katika wiki za mwanzo na damu humwagikia tumboni. Dalili zake ni maumivu ya chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzirai, pengine maumivu ya ncha ya bega kwa sababu damu hukisumbua kiwambo, na kutokwa na damu kidogo ukeni. Analetwa hospitalini na mama yake. Muuguzi, kwa adabu ile ile, anauliza: "Mwanangu, umeona mwezi huu?" Msichana anajibu kuwa ameona. Hakudanganya. Ameona damu, ila si ya hedhi. Swali lilifumbwa, jibu likafumbwa, na mama aliyesimama kando akahakikisha kuwa hakuna fumbo litakalofumbuliwa.

Asije mtu akadai kuwa utamaduni wa Waswahili ndio unaozuia maneno ya wazi. Utamaduni huo huo ulimpa kungwi na mkunga ruhusa ya kutaja kila kitu kwa jina lake, mahali pake na wakati wake, na ndio uliosema kuwa mficha uchi hazai. Tafsida ilikuwa na mwenziwe. Mwenziwe amesahauliwa, yenyewe ikabaki.

Kinachohuzunisha ni kwamba shule zimekuwa zikifundisha 'sajili ya hospitali' kwa miaka mingi. Mtahiniwa wa KCSE aliyejiandaa kwa alama 10 za isimujamii aweza kuorodhesha sifa zake bila kupepesa: matumizi ya istilahi, kuchanganya ndimi, maswali na majibu, sentensi fupi fupi. Mazungumzo ya mfano vitabuni ni yale ya daktari kuuliza mgonjwa anaumwa wapi, mgonjwa kujibu kuwa tumbo, na daktari kumwandikia dawa. Mwanafunzi hupata alama zake zote bila kuulizwa kama mazungumzo hayo yangeweza kumponya mtu. Yasingeweza.

Wako watakaosema kuwa siku hizi kuna mashine zinazopiga picha ndani ya tumbo, kwa hivyo habari za -ka- zimepitwa na wakati. Mashine ni neema, lakini haziko katika kila zahanati, na zilipo, kuna mtu anayeamua ni nani apigwe picha ya wapi na kwa haraka gani. Uamuzi huo hutokana na maneno. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kwa Wakenya wengi Kiswahili si lugha ya mama. Mama kutoka kijiji cha Turkana na tabibu kutoka Kisii hukutana katika Kiswahili ambacho kila mmoja amekiazima, na huenda 'kusokota' kwa mmoja wao ni tafsiri tu ya kitenzi cha lugha yake. Hilo halidhoofishi hoja, bali linaongeza kazi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kubeba maumivu ya raia kutoka kitandani hadi kwenye faili imebaki na cheo tu.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Tasnifu za uzamili hurudia riwaya zile zile hadi wasimamizi wakazichoka. Kati ya hizo, chache zingeweza kuelekezwa kwenye wodi, kwa idhini ya hospitali na ya wagonjwa wenyewe, ili kurekodi jinsi watu wa mahali mbalimbali wanavyosimulia tumbo na kulinganisha masimulizi hayo na ugonjwa uliothibitishwa baadaye. Idara za Kiswahili na vitivo vya tiba katika vyuo vikuu vingi vya umma viko chini ya makamu mkuu mmoja. Kilichobaki ni mtu wa kubisha hodi. Walimu wa wauguzi wapewe maswali yaliyotungwa na watu wanaojua lugha: si "umeona?", bali "hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi, na ilikuwa kama kawaida yako?", tena aulizwe akiwa peke yake. Mvulana aulizwe kuhusu korodani kwa jina hilo. Na kwenye fomu ya mapokezi, juu ya ule mstari mfupi wa Kiingereza, paachwe nafasi ya sentensi tatu au nne za mgonjwa mwenyewe, ziandikwe kama alivyozisema, viambishi vyake vikiwamo.